Maji Ndani ya Kabureta

Asubuhi ya kwanza Hosiana hakuona ajabu kukuta maji ndani ya kabureta. Pikipiki ilikuwa kuukuu, imepita mikononi mwa watu wanne kabla ya kumfikia, na mfuniko wa tangi ulikuwa haubani. Alichuchumaa kwenye ukungu nyuma ya jiko, akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, kwenye kile kikombe kidogo ambamo petroli hutulia kabla ya kuingia kwenye injini, akakinga kifuniko cha chupa ya soda. Petroli ilitoka matone mawili matatu. Kisha yakatoka maji, safi, ya baridi, yakajaa kifuniko na kummwagikia vidoleni.

Lakini mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Akayanusa. Maji yaliyolala kwenye kabureta hunuka petroli. Haya yalinuka matope na majani mabichi.

"Mama, ni ya kunywa hayo?" Felista aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha uji mkononi. Alikuwa na miaka saba na maswali ya mtu wa sabini.

"Kunywa, halafu nikutie gia uende shule mwenyewe."

Mtoto akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi cha maji maji, kana kwamba uji umepita njia siyo.

Hosiana alikuwa akiitegemea pikipiki ile kukusanya maziwa kwenye mashamba ya juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, na kuyateremsha Karatu mjini. Mume wake, Aloyce, alikuwa mpishi wa kambi za watalii upande wa Loliondo, na nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi. Fundi hakumwita. Alikuwa amefagia gereji ya magari ya watalii miaka minne, na mikono ilipokuwa ikifagia macho yalikuwa yakisoma.

Asubuhi ya pili maji yalikuwepo tena. Alikausha tangi, akabadilisha mpira wa mafuta, akakata kipande cha tyubu akaziba mfuniko, akachuja petroli kwa kitambaa. Asubuhi ya tatu akalegeza skrubu, na pamoja na maji kikatoka kiluwiluwi. Kilikuwa hai, kikipiga mkia ndani ya kifuniko cha soda. Hosiana alikitazama kwa muda mrefu. Tundu linaloingiza mafuta kwenye kikombe kile ni dogo kuliko punje ya mtama.

Akakimwaga, akakanyaga, akaenda kumwamsha mtoto. Felista alikuwa amelowa kifua chote, na halikuwa jasho, kwa maana jasho halina ubaridi ule. Zahanati walimsikiliza mapafu, wakasema hayana shida, wakampa dawa ya kikohozi.

Asubuhi ya nne kabureta ilikuwa kavu.

"Afadhali," Hosiana akasema peke yake. Akapiga kiki moja tu, ikawaka. Ila silensa, ule mlio wa injini ikiwa imesimama bila kuvutiwa mafuta, ilikuwa ikipanda na kushuka. Akachukua bisibisi, akainama, akaanza kuitafuta. Akaishusha kidogo: tut, tut... tut... tut. Ndipo aliposikia, kupitia dirisha la chumba lililokuwa juu ya kichwa chake, pumzi ya Felista usingizini ikishuka pamoja na injini, ikakawia ilipokawia, ikakatika ilipotaka kukatika.

Akaipandisha silensa. Ndani ya chumba mtoto akaanza kuhema mbio mbio kama mbwa wa kuchunga.

Mtu mwenye akili zake angeacha hapo. Hosiana hakuwa mtu wa kuamini jambo kabla hajalijaribu, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu nalo baadaye kuliko yote. Alizima ufunguo.

Ukimya uliofuata haukuwa wa uani peke yake. Alikimbilia ndani akamkuta Felista ameketi kitandani, macho wazi, midomo ya bluu, kinywa kikifunguka na kufumba kama cha samaki aliyetolewa majini, na hakuna hewa iliyoingia wala kutoka. Naye akarudi mbio bila kujua amerudi vipi, akapiga kiki, ikakataa, akapiga ya pili, ikakohoa, akapiga ya tatu kwa uzito wote wa mwili wake mpaka kisigino kikachubuka, injini ikashika, na kutoka dirishani akamsikia mtoto akivuta pumzi ndefu yenye mlio wa maji.

Alimpigia Aloyce simu.

"Nikizima pikipiki mtoto hapumui."

"Umeangalia plagi?" Aloyce akauliza.

Akakata.

Jua lilipoutoboa ukungu, Bibi Hyasinta alikuja kwa njia ya ua, rozari shingoni na kibuyu kwapani. Alikuwa kiongozi wa jumuiya yao kanisani, na pia ndiye waliyemwendea usiku kwa mambo ambayo padri hakuambiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mama Felista, hiyo pikipiki inanguruma tangu alfajiri. Unapika nayo?"

Hosiana alijaribu kucheka, akalia. Kisha akaeleza. Bibi Hyasinta aliingia ndani, akaweka sikio mgongoni pa mtoto, akatoka polepole kuliko alivyoingia.

"Uliosha nini kwenye chemchemi ya juu?" aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu wa tatu anayesikiliza.

"Nani kakuambia?"

"Pua yangu. Uliosha nini?"

"Kabureta. Ilizimika pale mlimani Jumamosi, ina uchafu. Niliifungua, nikaisuuza. Felista alikuwa ananishikia skrubu."

"Akanywa?"

"Alikuwa na kiu."

Bibi akafumba macho. "Sufuria yenye masizi haiteremshwi pale. Mama yangu alikuwa anasugua kibuyu chake kwa majivu kabla ya kukisogelea. Wewe umeteremsha injini. Umemmwagia mwenye chemchemi petroli usoni, naye akatafuta pa kukimbilia, akaingia kwenye kile kikombe chako. Ungemrudisha siku ile ile, yangeisha."

"Nilikuwa namwaga maji kila asubuhi."

"Ndiyo. Kila asubuhi ulimfukuza chumba kimoja, akahamia kingine ambacho njia yake alishaijua, kwa maji aliyokunywa mtoto." Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Sasa analala kifuani pa mtoto na anavutia hewa huko kwenye chuma chako. Ndiyo maana kabureta imekauka."

"Namtoaje?"

"Mpeleke kwake. Ikizimika njiani, umemzika mtoto. Ukifika, mkalishe mtoto kwenye maji, funga koki ya mafuta, iache injini imalize yenyewe. Itapanda kwanza, halafu itakufa. Usiiwashe tena. Usifungue koki. Jini akikosa hewa atatoka, lakini hatatoka kwa haraka zako wewe."

"Kwa muda gani?"

"Mimi siyo saa, binti yangu."

Alimfunga Felista mgongoni kwa kanga mbili na kupanda. Ukungu ulikuwa umeteremka tena kutoka kwenye ukingo wa kreta, mzito, hauonyeshi hatua kumi mbele, na kadiri njia ilivyopanda ndivyo hewa ilivyopungua na injini ilivyozidi kulewa petroli, moshi mweusi nyuma, mlio mzito, na shingoni mwake pumzi ya mtoto ikawa nzito vile vile, ya baridi, yenye harufu ya majani yaliyooza, na mara moja au mbili pumzi ile ikamnong'oneza jambo kwa sauti ambayo haikuwa ya Felista wala haikuwa ya mtu. Akasimama bila kuachia mafuta, mkono wa kulia ukiishikilia injini isife, akainama na kupapasa kwa bisibisi ya mkono wa kushoto mpaka akaipata skrubu ya hewa, akaifungulia robo mzunguko, akasikiliza, akaongeza robo nyingine. Na mlio ukasafika, na mgongoni mbavu ndogo zikatanuka.

Kwenye chemchemi alifanya kama alivyoagizwa. Alimkalisha mtoto majini, akafunga koki, akaja kumshika mabega. Injini ikapanda, ikalia kwa kasi, Felista akahema kwa kasi. Kisha ikafa.

Akahesabu. Kumi. Ishirini. Uso wa mtoto ukawa wa rangi ya majivu. Chini ya ngozi ya shingo kitu kikatembea kama kidole kinachotafuta tundu la kufuli. Thelathini. Macho ya Felista yakageuka meupe. Thelathini na nane, na Hosiana akajikuta amesimama kwenye pikipiki, koki iko wazi, mguu uko kwenye kiki. Hakuna aliyeuambia mguu ule uende. Injini ikawaka. Mtoto akavuta pumzi, na kile kidole shingoni kikarudi chini kilikotoka.

Kwa siku tisa pikipiki haikuzimwa. Ilisimama chini ya dirisha, tut-tut-tut, mchana na usiku, na Hosiana aliinywesha petroli kwa mrija kama anavyonyweshwa ndama yatima. Alilala kwa vipande. Ukungu ukishuka aliamka kurekebisha skrubu. Jua likitoka aliirudisha. Wapita njia walipouliza alisema betri ni mbovu, akizima haiwaki. Felista alikula, alicheza, hata alicheka, ila alicheka kwa mpangilio ule ule wa silensa, na alipokaa kimya maji yalimtoka puani taratibu, naye akayafuta kwa mkono kama mafua ya kawaida.

Siku ya kumi Hosiana alisikia mlio mwembamba ndani ya injini, kama kijiko kinachogonga kikombe mbali sana. Aliujua. Gerejini huwa wanaunyamazia kidogo, kisha fundi mkubwa anauliza nani alisahau oili. Oili ilikuwa imekufa. Na oili haibadilishwi injini ikiwa inazunguka.

Aliketi kwenye ndoo, akasikiliza kijiko kile. Angeweza kuhesabu siku zilizobaki, na hazikuwa nyingi.

"Mama," Felista alisema dirishani, "siku ile ulifika thelathini na nane."

"Ulikuwa unasikia?"

"Tulikuwa tunasikia wote wawili. Alikuwa ameshatoa mkono mmoja." Mtoto alipangusa pua. "Anasema umemrudisha wewe."

Hosiana aliinuka, akafungua mfuniko wa tangi, akachovya kijiti, akasoma petroli ilipoishia. Njia ya kwenda juu aliijua kwa madumu ya maziwa mwaka mzima. Alijua kila kilima kinakula kiasi gani. Aliiacha injini inywe mpaka kijiti kikaonyesha alama aliyoitaka. Kisha akachukua chupa ya akiba iliyokuwa imefichwa nyuma ya gunia la mahindi, akavuka ua, akampa Bibi Hyasinta.

Bibi aliitazama chupa, akamtazama yeye. "Na ya kurudia?"

"Ya kwenda tu, Bibi. Mguu wangu nimeshaujua."

"Vaa sweta," Hosiana alimwambia Felista aliporudi.

Kwenye kona ya mwisho injini ilishikwa na kwikwi, naye akailaza pikipiki upande ili tone lililojificha lifike kwenye koki, na ikamfikisha. Akamweka mtoto majini, akamkumbatia, akasubiri. Haikuchukua muda. Mlio ukapanda, ukapanda, ukalia kama mtu anayeitwa kwa jina, ukakatika.

Hesabu ilipofika ishirini na tano alimwacha mtoto, akaenda. Aligeuza koki huku, akaigeuza kule, akapiga kiki nne, akalitikisa tangi kwa mikono miwili akilitukana. Tangi lilikuwa kavu kama alivyolipima. Akarudi majini kwa magoti, akamshika Felista aliyekuwa mzito kama gunia lililolowa, akaendelea kuhesabu kwa sauti kwa sababu hakuna kingine alichokuwa nacho. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini na moja, na shingo ya mtoto ikavimba. Hamsini, na kinywa kikafunguka chenyewe kupita kinywa cha mtoto kinavyofunguka, maji yakatoka, meusi kwanza, ya petroli, kisha safi, mengi, mengi kuliko kifua kile kingeweza kubeba, yakaingia kwenye chemchemi bila kurusha hata tone.

Felista alikohoa. Akavuta pumzi fupi, akavuta ndefu, akapumzika, akavuta mbili pamoja. Hazikuwa na mpangilio wowote. Hosiana aliweka sikio pale akazisikiliza jinsi zilivyokuwa ovyo, moja haifanani na nyingine.

"Mama, nina njaa."

"Tembea basi. Hiyo pikipiki tunaisukuma."

Walikuwa wamekwenda hatua chache tu kwenye njia, yeye akishika usukani na mtoto akisukuma nyuma, Felista aliposimama.

"Mama. Umesikia?"

Injini ilikuwa imekufa, imeanza kupoa. Sauti ilitoka nyuma yao, ndani ya ukungu. Chemchemi ambayo tangu enzi za mababu haikuwahi kutoa sauti ilikuwa inabubujika, tut-tut-tut, tut-tut-tut, taratibu, bila kukosea, kwa mwendo ule ule ambao Hosiana aliutafuta kwa bisibisi.

"Usigeuke," alimwambia. "Sukuma."