Wifi Aliyenifunga Goti kwa Kanga

Mimi naitwa Mwanaidi, mama wa miaka thelathini na minane. Zamani nilikuwa mkazi wa Tabata, sasa niko Temeke kwa mama yangu mzazi. Mkiniona barabarani nauvuta mguu wa kulia, msinionee huruma... Nina hasira, na leo naitoa hapa.

Biashara ya mitumba iliporuhusiwa, niliyeianza ni mimi, si mume wangu. Shabani alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, anashinda barazani na redio yake. Nilimtoa pale nikamfundisha kuchagua nguo, mpaka tukapata kibanda chetu. Siku moja tukishusha mzigo, belo la nguo likaniangukia gotini. Hospitali wakanipasua.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa na maumivu makali, sikuweza kumsikiliza mtu. Aliyekuja kunichukua ni wifi yangu Zainabu, dada yake Shabani. Yeye ndiye aliyezungumza na wahudumu, mimi nikisubiri kwenye benchi la nje. Tulipofika nyumbani akaniambia daktari amekataza nisikunje mguu kabisa mpaka nitakaporudi kliniki.

Jamani, wifi aliniuguza! Mnajua mzazi anavyolelewa kwetu akiwa ndani ya arobaini? Ndivyo nilivyolelewa. Uji wa pilipili manga asubuhi, maji moto ya kukanda mgongo, kisha mguu unanyooshwa na kufungwa kwa kanga ili usicheze. Nikijaribu kujigeuza ananirudisha kwa upole. Majirani wakawa wananiambia nina bahati, wifi kama yule hapatikani. Nami nilikuwa namwombea dua kila nikimaliza kuswali pale kitandani!

Kazi zilipomzidi akamleta shoga yake, Salma, amsaidie kupika. Salma huyo alikuwa ameachika, mcheshi, chakula chake kitamu. Shabani ambaye zamani alikuwa anakula kibandani akaanza kurudi mapema. Mimi namsikia anavyocheka uani, nimelala chali nahesabu mabati...

Jioni moja Shabani akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema amezungumza na wazee. Mguu wangu hauonyeshi dalili ya kupona, nyumba inataka mtu wa kuinama jikoni, na dini inamruhusu. Ataoa mke wa pili, naye ni Salma. Nililia, lakini ningesema nini? Mwanamke asiyeweza hata kukaa mkekani angemzuia mume kwa hoja gani? Nikamwambia aoe.

Ndoa ikafungwa uani kwangu. Pilau ililetwa nikiwa kitandani.

Baada ya hapo ndipo nikapelekwa kliniki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alilishika goti langu, akajaribu kulikunja, nikapiga yowe. Lilikuwa limekauka kama gogo. Akauliza, "Mama, nani alikwambia uunyooshe mguu muda wote huu?"

Nikamtazama wifi. Yule bwana naye akamtazama, akamtambua.

"Si wewe niliyekueleza? Nilikwambia aanze kukunja siku ileile akifika nyumbani, hata akilia."

Zainabu akajibu kuwa alinionea huruma. Huruma! Tukarudi nyumbani. Nikamwuliza mbele ya kaka yake na mke mwenzangu. Alikana, akaapa, nami sikumwachia, hadi uvumilivu ukamwisha.

"Ungeinuka mapema, kaka angemwoa Salma lini?" akasema. "Wewe ulishamkalia kichwani, kila kitu Mwanaidi, Mwanaidi!"

Nikamgeukia Shabani. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Akasema yameshapita, tusiharibu udugu. Kisha akamwomba Salma maji ya kunywa.

Siku hiyohiyo nikaomba nipelekwe kwa mama. Mama yangu hakunipa uji wa pilipili manga. Alilikamata goti langu asubuhi na jioni, akalikunja huku machozi yanamtoka, mimi namtukana kwa maumivu na yeye hasikii. Limerudi nusu. Nusu nyingine haitarudi, wameniambia.

Wanawake wenzangu, mkipasuliwa, jikazeni mmsikie daktari kwa masikio yenu. Mkizidiwa, mtumeni aliyewazaa. Na anayekuuguza akikuzuia hata kujaribu, muulize anakuuguza kwa ajili ya nani.

Siku hizi naswali kwenye kiti. Wenzangu wakisujudu, mimi nainamisha kichwa tu, na paji la uso haligusi mkeka. Hapo ndipo jina la Zainabu hunijia mdomoni... Watu wananiambia nimsamehe. Naweza kumsamehe kwa kunichukulia mume. Lakini sijda yangu? Hiyo atakuja kunirudishia nani?