Goti Lililogongwa Kama Kigae

Fundi Vigae alikula kwa magoti yake miaka ishirini. Hupiga magoti, hupanga vigae, kisha hugonga kimoja kimoja asikie kwa mlio kama kina ufa. Sikio lake halikuwahi kumdanganya.

Siku moja aliteleza kwenye ngazi kwa mteja. Goti likapiga ukingo wa saruji, likavimba papo hapo. Wenzake wakambeba hadi nyumbani.

Mbele ya mke wake, fundi akaligonga goti kwa kidole. Ko, ko.

"Mamaaa!" Akajikaza. "Mlio mzima. Halijavunjika. Chemsha maji unikande."

"Goti ni kigae, baba watoto? Sikukandi ng'o!"

Mke akamwita jirani yao, mama anayepiga picha za eksirei hospitalini.

"Unaweza kutembea hatua nne?" jirani akauliza. "Linakunjika?"

"Wapi!"

"Basi usikandwe wala usivutwe. Twende daktari akuone."

Wakaufunga mguu kwenye ubao usichezecheze, wakaenda hospitalini. Daktari alilipapasa goti taratibu, akaagiza picha.

"Nitapiga magoti tena kweli?" fundi akauliza kwa sauti ndogo. Hakujua kazi nyingine.

Jirani akamlaza mezani kama anayelaza kitoto kichanga. Mke akaombwa kusubiri nje, asipate mionzi bure. Picha yenyewe haikuuma. Ya kwanza ilipigwa kwa mbele. Kwenye kioo cha kompyuta hapakuonekana ufa.

"Si nilisema?" fundi akatamba.

"Ngoja. Mbele mifupa inafichana." Jirani akapiga nyingine kwa ubavu.

Lo! Ufa mwembamba kama unywele ulikata kile kifupa cha mbele ya goti. Fundi akakodoa macho. Nyufa ndiyo kazi yake, na huu ulimpita.

"Vipande havijaachana," daktari akasema. "Bahati yako hukukandwa."

Fundi akafungwa plasta, mguu umenyooka, wiki sita. Picha nyingine ikaonyesha mfupa umeunga. Akafanya mazoezi polepole, mpaka daktari akamruhusu kurudi kazini.

Kazi ya kwanza ilikuwa jikoni kwa yule jirani. Fundi akatandika godoro dogo, akapiga magoti yote mawili. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Jirani, una mikono ya dhahabu," akasema. Akagonga kigae cha mwisho. Ko, ko. "Mlio mzima!"

"Kwa kigae nakuamini," jirani akacheka. "Goti niachie mimi."