Mwanangu Yuko Chumba cha Pili

Wanaofanyia kazi nyumbani ndio watakaofukuzwa kwanza. Uvumi huo niliuokota kwa fundi cherehani, nilipopeleka gauni. Mteja mmoja alisema, mwingine akaitikia, nami nikarudi nao nyumbani. Naosha vyombo, umo kichwani. Nafagia, umo.

Binti yangu ameajiriwa na kampuni kubwa ya bima. Kwa miaka mingi alipanga chumba karibu na ofisi, nami nikawa namsikia kwenye simu tu. Kisha kampuni ikaleta utaratibu mpya: siku mbili za wiki ofisini, tatu nyumbani. Akarudi kwangu. Siku alipoingiza begi lake nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikajua sasa nitakula na mwanangu, nitapiga naye soga.

Nikamwambia ule uvumi. Tangu hapo hakubanduka mezani.

Kwenye kompyuta yake kuna alama ndogo ya kijani. Ikiwaka, wenzake wanajua yupo. Asipogusa kitu kwa muda, inageuka njano. Basi mwanangu akawa mtumwa wa alama. Chakula nikawa nampelekea mezani kwake, kama mgonjwa. Jioni wenzake wameshafunga kazi, yeye bado anajibu ujumbe. Nilimsikia kupitia ukuta akicheka na watu wa ofisini, nikawaonea wivu. Alipokuwa mbali nilimkumbuka. Sasa yuko chumba cha pili, namkumbuka zaidi.

Siku moja akatoka, nywele timutimu.

"Mama, naomba nikaoge. Kaa hapa, uwe unasukuma kipanya kidogo kidogo."

"Mimi? Niliyeishia darasa la saba?"

"Husomi kitu, mama. Sukuma tu, kijani kisipotee."

Nikakaa. Nikasukuma kile kidude kama nasugua sufuria. Mara kompyuta ikalia. Nikabonyeza panapometameta, uso wa mwanamke ukajaa kwenye kioo.

"Shikamoo, mama. Mimi ni msimamizi wa binti yako. Yuko wapi?"

"Marahaba. Anaoga. Lakini yupo kazini! Nimemshikia zamu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Zamu ya nini, mama yangu?"

Nikamwaga yote: uvumi, alama, chakula cha mezani. Binti akatokea, taulo kichwani. "Mama! Umefanya nini?"

"Mwache," msimamizi alisema. "Kaa, nikuambie. Hiyo alama mimi siihesabu. Naangalia madai ya wateja uliyoyamaliza, na kazi yako ni nzuri. Saa za kazi za nyumbani ni zilezile za ofisini. Zikiisha, funga. Na mapumziko ya mchana ni yako, hata ukiwa kwa mama."

"Na kufukuzwa?" niliuliza.

"Kazi ya milele siwezi kuahidi. Lakini hakuna mpango wa kumwondoa mtu kwa sababu anafanyia kazi nyumbani. Ukiona mashaka, niulize mimi. Siku zako mbili za ofisini njoo, tuonane, tupange kazi ya wiki."

Kesho yake mchana mlango ulifunguliwa. Mwanangu akaja jikoni, mikono mitupu, akavuta kiti. Tulikula tukigusana viwiko. Akanieleza mambo ya miaka ile aliyokaa peke yake, yale yasiyosemeka kwenye simu. Nilitamani saa ya ukutani isimame. Haikusimama, akarudi kazini. Lakini jioni alifunga kompyuta, akanifuata uani, tukaanua nguo pamoja.

Siku za ofisini nyumba inapwaya, nami nasikiliza kila mguu unaopita nje. Anachelewa, lakini akirudi, anarudi mzima.

Ninyi wenye watu wa kazi za namna hii, nanyi mnaozifanya, nawaonya:

Usimletee mfanyakazi uvumi wa dukani. Mwambie amuulize msimamizi wake.

Usikeshe kwenye kompyuta ili uonekane upo.

Usimkalishe mama yako kwenye kipanya.

Usile ukiwa kazini. Toka, kaa na watu.

Usijibu ujumbe wa kazi saa za kazi zikiisha, ila kama ni zamu yako.

Usikose siku ulizopangiwa ofisini.

Usimtume sokoni aliye kwenye mkutano, hata kama unamwona amekaa tu.

Na wewe mzazi, usingoje aondoke tena ndipo umwambie umemkumbuka.