Joto Lililosingiziwa

Waliomkuta Amoni ni wanawake watatu waliokwenda kuchota maji jioni ya Alhamisi, jua lilipoanza kupoa. Mto unaopita chini ya kitongoji chao, katika kata ya Mwamapalala, ulikuwa umekauka tangu Agosti, na kama ilivyo kila mwaka watu walikuwa wamechimba visima kwenye mchanga wake. Kisima cha katikati kilikuwa kimebomoka. Mmoja wa wanawake aliona kipande cha shati kimechomoza, akadhani mtu ameangusha nguo. Alikivuta. Hakikuja.

Wanaume walimfukua kwa mikono na sufuria. Alikuwa ameshakufa. Amoni alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Hakuna aliyekumbuka kumsikia akipaza sauti, isipokuwa labda kwa ng'ombe.

Kifo chake hakikuwashangaza watu kama ambavyo kingewashangaza mwaka mwingine. Joto la Oktoba ile lilikuwa halijawahi kuonekana. Jioni hiyohiyo redio ilitangaza kwamba Simiyu imevunja rekodi, kwamba tangu vipimo vianze kuwekwa hakujawahi kuwa na siku ya Oktoba yenye joto kama Alhamisi ile. Kuku walikuwa wakifa wakiwa wamelalia mayai. Maji ambayo miaka ya nyuma yalipatikana kwa kina cha kifua cha mtu, sasa yalifuatwa chini mara mbili ya hapo. Kisima kirefu hivyo katika mchanga mkavu, watu walisema, lazima kibomoke.

Lililobaki lilikuwa swali moja tu: nani alikichimba? Na jibu lilijulikana. Ni Masele, mchimba visima wa kitongoji.

Ijumaa asubuhi Sajenti Eufrasia wa upelelezi alifika kutoka Bariadi. Mboje, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alimpokea nje ya turubai la msiba kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Poleni."

"Tumepoa. Umekuja kwa kazi nyepesi. Masele na marehemu walikuwa hawasemezani tangu mwezi uliopita, wakigombea zamu ya kunywesha ng'ombe. Kesho tukishazika, tunakaa kikao. Anahama, yeye na mama yake. Mpaka ahame, hakuna wa kumuuzia chumvi wala kumpa moto. Hapa msibani nimeshamkataza kukanyaga."

"Na kama hakumuua?"

"Kama hakumuua, alichimba vibaya akamfukia. Ni yaleyale."

Sajenti aliuliza njia ya kwa Masele. Alikuwa ametoka chumba cha maiti, na alichokiona kule kilikuwa kinamsumbua. Daktari alikuta jeraha kisogoni, lakini hakukuta mchanga kooni. Mtu anayefukiwa akiwa hai huuvuta mchanga pamoja na pumzi. Amoni hakuvuta kitu. Mchanga ulimwangukia akiwa ameshakata roho.

Jambo la pili Sajenti aliliona mwenyewe, na hakulisema kwa mtu. Marehemu alikuwa na katambuga miguuni, zile ndala za matairi, na mikanda yake ilikuwa imekazwa vizuri.

Alimkuta Masele ameketi mlangoni kwake, mikono juu ya magoti. Mama yake, bibi Lukresia, alikuwa pembeni akipepeta mtama kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

"Afande, kama umekuja kunifunga, nifunge," Masele alisema. "Bora jela. Jela watu wanasalimiana."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Mchana nani anakwenda mtoni? Ule mchanga unaunguza mpaka mbwa. Watu wanachota alfajiri na jioni."

"Nani alikuona?"

"Mama."

"Mama hakubaliki," bibi Lukresia alidakia. "Mama wa mtu ni kama ushahidi wa mbuzi. Lakini mwanangu alikuwepo, anakoroma."

Sajenti alicheka kidogo. "Bibi, joto kama hili umewahi kuliona?"

"Mwaka nilioolewa palikuwa na ukame, tukala mizizi. Lakini kuchimba maji mtoni hakukupita kifuani. Huu umezidi. Jana mawingu yamekaa upande wa ziwani tangu asubuhi, meusi, na sisi huku hata kivuli hatukupata. Yametutazama tu."

Sajenti alimgeukia Masele. "Nieleze. Mtu akishuka kisimani kuchota, anafanyaje?"

"Anamwacha mwenzake juu wa kupokea ndoo. Anavua viatu, anakanyaga vile vishimo vya pembeni, anashuka."

"Asipovua?"

Masele alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Na katambuga zimetoka kukanyaga kinyesi cha ng'ombe? Maji ya kunywa hayo, afande. Hata mtoto akishuka na viatu anachapwa. Wewe si Msukuma?"

"Msukuma. Nilichapwa."

Aliondoka akiwa na hakika ya mambo mawili. Amoni hakushuka kisimani kwa miguu yake. Na aliyemtupa mle hakuwa Masele, maana mchimba visima akitaka kifo kionekane ni ajali, jambo la kwanza angemvua marehemu katambuga na kuziweka ukingoni. Aliyefanya kazi ile alikuwa amesahau desturi ya visima vya mchangani, au alikuwa ameishi siku nyingi mahali ambapo maji hayachimbwi.

Hilo lilimfikisha kwanza kwa Mayala, mfugaji kutoka Lingeka aliyekuwa akipita na ng'ombe wake kutafuta malisho. Jumatatu alikuwa amegombana na Amoni aliyemkatalia kuingia kwenye ngitili yake, eneo la majani alilolifunga tangu masika kwa ajili ya kiangazi.

"Nilimtukana, kweli," Mayala alisema. "Nilimwambia majani yake ayale na ugali. Lakini jana mchana nilikuwa lambo la juu nikinywesha ng'ombe wangu. Nilikuwa nagombana na watu wengine. Kaulize, hawajanisahau."

Sajenti aliuliza. Hawakuwa wamemsahau. Tena Lingeka nako watu huchimba mtoni. Mayala naye angevua viatu.

Alirudi msibani, akaomba kuongea na mjane faragha. Mariana alikuwa amekauka machozi, anajibu taratibu.

"Alitoka saa ngapi, dada?"

"Karibu na adhuhuri. Nikamwambia, baba, jua hili litakuua. Akasema kuna maneno anakwenda kuyamaliza mtoni, atarudi kula. Nikajua ni yale ya Masele na zamu."

"Alisema ni Masele?"

Mariana alifikiri. "Hapana. Mimi ndiye nilijua hivyo."

"Ana maneno na mtu mwingine?"

"Na nani? Labda hayo ya ng'ombe, lakini hayo ni ya ndani. Maji yalipokauka alipeleka ng'ombe sita Nassa, jirani na Lamadi, kwa mdogo wake, Dastan, kule kuna ziwa. Mwezi uliopita Dastan akapiga simu, wamekufa wote kwa joto. Mume wangu hakugomba. Aliomba ngozi tu."

"Akaletewa?"

"Kila siku anaambiwa kesho. Wiki ijayo alikuwa aende na wazee wawili, akaulize vizuri."

Sajenti aliijua desturi hiyo. Kwao pia, ng'ombe uliyekabidhiwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Hata akifa porini. Hata ngozi ikiwa imeoza nusu. Ndivyo mwenye mali anavyojua kwamba amekufa kweli na hukumuuza.

Alasiri hiyo Dastan aliwasili kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma kafunga kiroba cha dagaa cha kulisha waombolezaji. Alilia kwa sauti, akashikwa mikono, akakalishwa. Wanawake wa jikoni walifungua kiroba wakaanza kusifia.

"Shemeji, dagaa gani hawa weupe hivi! Wanang'aa kama sindano."

"Wa jana hao," Dastan alisema akijifuta macho. "Jana nzima nilikuwa mwaloni Lamadi, pale ufukweni, nawaanika mwenyewe. Kwa jua lile, nusu siku tu wameshakauka, wanalia kwenye kiganja. Sikujua kwamba muda huohuo kaka yangu..."

Sajenti alisogea. "Pole sana. Wewe ndiye Dastan? Uko Lamadi miaka mingi?"

"Ishirini na zaidi, afande. Mimi mtu wa ziwa sasa."

"Na jana hukutoka?"

"Nitoke niwaachie nani dagaa? Umesikia redio. Joto limevunja rekodi Simiyu nzima. Siku kama ile mwanika dagaa haondoki."

Sajenti alishukuru, akaenda chini ya mti wa mwarobaini palipokuwa na mtandao. Alimpigia Koplo Josia, waliyesoma naye chuo cha polisi, ambaye sasa alikuwa kazini Lamadi.

"Josia, jana hali ya hewa huko ilikuwaje?"

"Usiniulize. Mvua imetoka ziwani alfajiri, imepiga mpaka mchana umepita. Barabara ya mwaloni imekatika. Wazee hapa wanasema mvua ya Oktoba kubwa hivi hawaikumbuki."

"Na dagaa?"

"Dagaa gani? Waliokuwa mchangani wote wameloa, wamekuwa wekundu, wananuka. Leo wanauziwa wafuga kuku. Jana Lamadi nzima hakuna aliyekausha hata mmoja."

Jumamosi asubuhi mwili ulirudishwa. Vijana walikwenda kuchimba kaburi, wengine wakabaki chini ya turubai. Sajenti alimwomba Mboje awakusanye wazee kabla ya mazishi. Dastan alikaa mbele, mahali pa ndugu wa marehemu. Masele hakuwepo.

"Nimekuja kusema nilichokipata," Sajenti alianza. "Amoni hakufukiwa na kisima. Alipigwa kisogoni, akafa, ndipo akatupwa mle na mchanga ukaporomoshwa juu yake. Mliomfukua, alikuwa na nini miguuni?"

Wanaume walitazamana. Mmoja akasema polepole, "Katambuga."

Minong'ono ilipita. Mboje alijishika kidevu.

"Tulimvuta nazo," alisema. "Tukaziona. Na hatukuona."

"Masele asingesahau jambo hilo. Wewe usingesahau. Angelisahau mtu anayechota maji kwa kuingia ziwani mpaka magotini." Alimgeukia Dastan. "Rudia mbele ya wazee, jana ulichoniambia mimi. Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Lamadi, naanika dagaa. Wanawake wenyewe wamewala. Waulize kama dagaa wale waliguswa na maji."

"Hawakuguswa na maji, kweli. Ila Lamadi Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri hadi mchana. Dagaa wote wa mwaloni waliharibika."

"Si kweli! Redio imesema, joto, rekodi, Simiyu nzima..."

"Redio ilitangaza kipimo cha Bariadi. Huku jua liliwaka kuliko Oktoba yoyote, na siku hiyohiyo kule mvua ikapiga kuliko Oktoba yoyote. Aliyekuwa huku hakujua ya kule. Wewe ulikuwa huku, Dastan."

Dastan aligeuza shingo kuitazama pikipiki yake.

Mariana alisimama upande wa wanawake. Hakupandisha sauti. "Shemeji. Ngozi ziko wapi?"

Hapo ndipo Dastan alipovunjika. Hakumtazama shemeji yake; aliongea akitazama miguu ya watu. Ng'ombe sita hawakufa. Aliwauza mnadani akanunua injini ya boti, akitegemea msimu wa dagaa umrudishie.

"Nikasema joto limewaua. Mwaka huu nani angekataa? Kila mtu ng'ombe wanamfia. Angekuwa mwingine angelia tukalia wote. Yeye kaka anasema tu, ngozi, ngozi. Angekuja na wazee. Mbele ya watu wa Nassa, wanaowajua walionunua."

Alimwita Amoni mtoni adhuhuri, saa ambayo mchanga hauna watu, akimwahidi maelezo. Mke wake alikuwa amemdanganya kwamba anakwenda Mwanza kununua nyavu, simu akaizima. Mtoni alimpiga kaka yake kwa mpini wa jembe. Usiku akalala Bariadi, na asubuhi akawasha simu, akapokea taarifa ya msiba kama watu wengine, akanunua dagaa sokoni. Hakumwuliza mtu yeyote kuhusu mvua. Hakuona sababu.

"Nilijua watasema ni joto," alisema.

"Walisema," Sajenti alijibu, akamfunga pingu.

Gari la polisi lilipoondoka, watu hawakujua watazame wapi. Mboje aliinuka peke yake, akavuka mashamba mpaka kwa Masele. Alikuta godoro, masufuria na magunia mawili ya mtama yamefungwa kwa kamba juu ya baiskeli. Masele alikuwa akikaza fundo la mwisho.

"Masele," Mboje aliita. "Vijana wameshindwa na kaburi. Ardhi imekuwa kama jiwe."

"Pale nimekatazwa kukanyaga."

"Nilikataza mimi. Mdogo wake ndiye aliyemuua, amekiri mbele ya wote. Sasa nakuomba mimi."

Masele alikaza tena fundo lilelile.

"Nenda," bibi Lukresia alisema kutoka mlangoni. "Alikuwa jirani yako. Mligombania maji, watu wote wanagombania maji."

Masele aliingia ndani, akatoka na sururu begani. Akampita Mboje, akashika njia ya msibani.

Mboje alitaka kumfuata.

"Wewe bado," bibi alimwambia, akionyesha baiskeli kwa kidevu. "Godoro langu nalitaka kitandani."

Kamanda wa sungusungu aliweka rungu lake chini, akainama, akaanza kufungua mafundo.