Swali la Jing Kwenye Kompyuta ya Peso

Kila asubuhi Jing alimsaidia Nanay, mama yake, kubeba beseni la puto, vikeki vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke, hadi lango la shule. Puto zile zilikuwa laini ajabu, na wanafunzi walizigombania.

Nanay alikuwa amerudi kuuza juzijuzi tu, baada ya kukaa nyumbani wiki kadhaa akitibiwa kifua kikuu. Kliniki ilikuwa imemruhusu. Majirani waliambiwa ni mafua, na Jing akaonywa asithubutu kufungua mdomo, hata nyumbani.

Mdomo hakuufungua. Lakini Nanay alikuwa bado amekonda, na bado alimeza vidonge kila siku. Hofu ilipomzidi, Jing alikwenda kwenye duka la kompyuta la Kuya Nestor, yaani Kaka Nestor, akatumbukiza sarafu ya peso kwenye tundu la kompyuta ili apate dakika chache, akaingia kwenye akaunti yake. Akaandika: "Kifua kikuu kinapona?" Kisha: "Nanay wangu ana kifua kikuu, atakufa?" Kabla hajasoma jibu, muda ukaisha na kioo kikawa cheusi. Jing hakujali. Watoto wote wa mtaa ule waliamini kwamba peso ikiisha, mambo yako yamefutika.

Walijidanganya, jamani! Kilichozimika ni kioo tu. Dondon, mwanafunzi mwenzake, alikalia kiti kile kile, akatumbukiza peso yake, na maswali ya Jing yakamtokea mbele ya macho, jina la msichana huyo likiwa juu.

Kesho yake langoni, Dondon alipaza sauti. "Oyaa, msinunue! Nanay wa Jing ana kifua kikuu!"

"Acha uzushi wewe!" msichana mmoja akamkaripia.

"Uzushi gani? Jing mwenyewe kaiuliza kompyuta. Nimeona kwa macho yangu!"

Watoto wakarudi nyuma. Nanay akafunika beseni, akaenda nalo nyumbani likiwa limejaa. Jing alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baada ya masomo alikimbilia kwa Kuya Nestor huku akilia. "Kuya, nifutie ile kompyuta!"

Kuya Nestor alimkalisha kwenye kompyuta nyingine kabisa. "Ingia kwenye akaunti yako hapa." Jing akaingia, akaandika neno moja tu, na swali lake likajitokeza zima.

"Mungu wangu! Limefikaje huku?"

"Kampuni yenye mtambo wa kutafutia mtandaoni imelihifadhi kwa jina lako. Popote utakapoingia utalikuta." Akamwonyesha jinsi ya kufuta aliyoyatafuta, kuzuia yasihifadhiwe tena, na kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

"Sasa yamefutika kabisa?"

"Kwenye akaunti yako, ndiyo. Kule kwao wanaweza kubaki na kitu kwa muda. Hapo siwezi kukuapia."

Nyumbani, Jing alisema yote. Nanay alikuwa amekasirika kweli kweli, mpaka alipouliza, "Uliiuliza nini hasa?"

"Kama utakufa."

Nanay akamvuta mwanawe kifuani, akamkumbatia kwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda langoni na muuguzi wa kliniki. "Niliugua, ni kweli," Nanay akatangaza. "Mwenye swali aniulize mimi."

"Anatibiwa, na sasa hawezi kumwambukiza mtu," muuguzi akasema. "Tena kifua kikuu hakiambukizwi kwa chakula." Akanunua puto, akaila pale pale. Mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wakasogea.

Nanay akamwita Dondon, aliyekuwa amejibanza ukutani. "Ukikuta mlango wa mtu uko wazi, unaingia na kutangaza ulichokiona?"

"Hapana, Nanay. Nisamehe. Na wewe Jing, nisamehe."

Nanay akampa puto, kisha akamgeukia binti yake. "Nawe sikia. Kuuliza si kosa, na kompyuta inaweza kukusaidia. Lakini kila unachoiandikia kinaweza kuhifadhiwa na kusomwa na mtu usiyemtarajia. Fikiri kabla hujaandika, na ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Jambo la siri ya nyumbani, anza na sisi wa nyumbani. Mimi nami nilikosa, nilikukataza kusema hata na mimi."

Jing aliinamisha kichwa. Halafu akaukamata mkono wa mama yake.

"Nanay, utapona?"

"Nitapona, mwanangu. Vidonge ni miezi minne tu imebaki, na utakuwa unanikumbusha."