Ile Kibao ya Bure

Hapana, Kiunga, mama yako hakuiba kitu. Nani amekuambia aliiba programu, watu wa soko? Kaa hapa nikwambie, mimi babu yako, guka wenu, nilikuwako.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, hapa Githongo. Kila asubuhi mama yako Gatwiri alifungua chumba chake cha kompyuta, na dada yako Igoki, miaka kumi na miwili, anafagia kabla ya shule. Sasa kulikuwa na hii programu ya kuendesha kompyuta, inaitwa Linux. Watu wa nchi mbalimbali wameitengeneza, wanaipeana. Igoki akachukua rangi, akaandika kibao: PROGRAMU YA BURE.

Wuui, hiyo neno! Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Elphas, yeye anauza programu za kununua. Akasimama mlangoni, watu wakisikia: "Gatwiri, hata wewe umekubali ni bure? Bure kabisa?" Watu wakacheka. Shuleni watoto wakamwita Igoki "Bure". Hata salamu tulinyimwa.

Halafu Muriithi, sekretari wa sosaiti ya kahawa, ile ya wakulima wote, akaja kutafuta mtu wa kuweka kompyuta za kiwanda. Bila hiyo kazi, chumba kingefungwa, kodi ilikuwa imetushinda. Mama yako alikuwa ametoka. Igoki akasema, "Programu yetu mama alinunua Nairobi, bei kali. Hiyo kibao ilikosewa."

Siku ya mkutano wa sosaiti Elphas akainuka. "Bwana sekretari, hiyo sidii ya programu yao ilikuja bure ndani ya gazeti. Hawa ni waongo."

Muriithi akamgeukia mama yako, uso kama jiwe. "Mtoto wako alinidanganya. Wewe je?"

Mama yako alikuwa hajui lolote. Igoki akasimama mbele ya watu. "Ni mimi nilidanganya. Niliona haya. Ni ya bure kweli."

"Basi mnakula nini?" Muriithi akauliza. "Mtu wa bure, mashini ikikwama si atatoroka?"

"Mzee, miche yako ya kahawa ya kwanza ulinunua?" mama yako akauliza.

"Nilipewa na jirani."

"Na fundi wa kupogoa?"

"Huyo nalipa kila mwaka."

"Basi mimi ni huyo fundi. Programu siuzi. Nauza kuiweka, kufunza makarani wako, na kuja siku ile imekwama. Nitaandika na kutia sahihi."

"Na tukikosana?"

"Utaita fundi mwingine, ataifungua aone ndani. Ya Elphas imefungwa. Ikiharibika unangoja waliomuuzia."

Elphas akakaa chini. Muriithi akamwangalia, akamrudia mama yako. "Gatwiri, sijafurahi na nyinyi," akasema. "Lakini lete hiyo karatasi nisome. Utaanza Jumatatu. Ukichelewa siku moja, nakufukuza."

Tukarudi nyumbani. Igoki akasimama nje, anaogopa kuingia. Nikamfuata.

"Guka, mama atanichapa?"

"Sijui. Lakini sikia. Bure haikuwa aibu. Ulificha bei ya programu, na kumbe sisi hatuuzi programu, tunauza kazi. Mtu akikushika na uongo mmoja, hata kazi yako ya kweli ataitilia shaka. Wakikucheka, waeleze. Wakiendelea kucheka, fanya kazi."

Mama yako akatoka mlangoni na mwiko mkononi. Hakuchapa mtu. "Mukimo inapoa," akasema. Igoki akanawa, nikanawa, mama yako akaweka mwiko chini, na sisi wote tukakaa tukala.