Tovuti Yangu Mpya Ilivyomuua Bibi Kheng

"Siok-hun! Umemuua mama yangu!"

Jamani... asubuhi asubuhi, mswaki uko mdomoni, jirani yangu Bun-hiong ananinyooshea shada la maua meupe kama bunduki!

"Mama yako jana kanisimanga saa nzima. Siku hizi maiti wanasimanga?"

"Waulize walioleta maua ya msiba!"

Huyu Bun-hiong ni fundi viyoyozi anayejiona waziri. Mpuuzeni.

Mimi nina tovuti yangu binafsi, naweka picha na umbea wa kichochoro chetu hapa mjini Tainan. Wiki hii niliivalisha mwonekano mpya, ule unaojipanga wenyewe kwenye simu na kompyuta. Picha zinakaa kijivu, ukipitisha kipanya juu yake, rangi zinachanua. Ya kwanza ni ya mama yake: "Bibi Kheng, miaka themanini. Nguzo ya kichochoro."

"Umeiweka bila rangi!" akafoka Bun-hiong.

"Picha ina rangi, mbumbumbu wewe!"

Nikamkokota hadi kwenye kompyuta. Nikapitisha kipanya. Bibi akachanua, blauzi nyekundu, jino la dhahabu!

"Umeona? Wenye macho wanaona."

Akanipa simu yake.

"Haya mtaalamu. Pitisha kipanya hapa."

Simu haina kipanya!

Bibi alikuwa kijivu tupu. Na kwetu, uso usio na rangi unakaa mahali pamoja tu... mbele ya jeneza. Nimejisifu wiki nzima, simu sikuigusa hata mara moja!

"Leo ndiyo sherehe yake ya kutimiza themanini," akasema, sauti inakatika. "Ukoo mzima umekuja na nguo nyeusi! Nyumbani kwangu usikanyage tena. Milele!"

Mimi? Nisikanyage nyumba iliyojaa watu? Bora angenipiga!

Nikamkimbilia nyuma kuomba radhi. Mlangoni kwao, ndugu wamejipanga na miwani yao ya kuficha machozi ambayo hayapo. Bibi Kheng mbele yao, mikono kiunoni.

"Mpwa wangu, mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Shangazi... kazi nyingi..."

"Mwaka jana niliwaalika, mkaja watatu. Nimekufa, wote mmepata likizo! Hata tiketi za treni zimepatikana!"

Bun-hiong akajitosa.

"Mama, ni huyu Siok-hun na tovuti yake..."

"Nyamaza, Bun-hiong. Ile picha niliiona Jumatatu. Nani unadhani aliituma kwenye kundi la ukoo?"

"Mama!!"

"Sikuandika neno. Na hakuna hata mmoja wao aliyepiga simu kuuliza nimekufaje!"

Mpenzi msomaji, kazi yako itazame kwa jicho la atakayeitazama, si kwa jicho lako la majivuno. Na ndugu anayesubiri ufe ndipo akutembelee... mrudishie maua yake.

Nilikuwa nageuka niondoke zangu kwa aibu.

"We Siok-hun! Unakwenda wapi? Tambi za maisha marefu na miguu ya nguruwe vinapoa. Pita hapo katikati ya hawa wafiwa, uingie ule!"